Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya leba za Dar: mdogo wangu hakufa, ndo maana hamjamhesabu

Kwenu wote mnaosimamia afya ya mama na mtoto mkoa wa Dar es Salaam, kuanzia ngazi ya mkoa, halmashauri zote tano, mpaka waganga wafawidhi wa vituo na hospitali.

YAH: WAZAZI WANAOTOKA DAMU NYINGI NA DAKIKA ZINAZOPOTEA

Waheshimiwa, poleni na majukumu. Kwa mlionizidi umri, shikamooni.

Mi ni wakala wa pesa, nina kibanda changu pembezoni mwa jiji upande wa Ilala, sio daktari wala nesi na sina chama chochote. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni la kituo alichojifungulia mdogo wangu, nikarudi baada ya wiki tatu kufuatilia nikaambiwa mwenye ufunguo wa sanduku yupo likizo (msicheke, ndo nilivyojibiwa). Ya pili niliipeleka ofisini kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa tutaifanyia kazi, nimerudi mara nne, mara mhusika yupo kikaoni mara yupo semina, miezi saba hiyo. Sasa hii ya tatu naiweka hadharani. Jina la kituo silitaji wala la hospitali tuliyopelekwa, maana nawajua, mtamtafuta nesi mmoja mumsimamishe kazi alafu mseme tatizo limekwisha.

Nianze na hili, mdogo wangu yupo hai. Mtoto wake yupo, wa kike, ana mashavu kama maandazi. Nalisema mapema ili mtu asisome akisubiri msiba.

Ila kizazi hana. Ana miaka 26, ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Na kilichotokea usiku ule nakijua kwa dakika, sio kwa kukumbuka kumbuka, kwa sababu kazi yangu ni miamala na simu yangu huwa sifuti meseji. Kila nilipolipa kitu kuna meseji, kila nilipopiga simu kuna muda wake. Tulifika kituoni saa 11 jioni, mapema kabisa, begi limejaa kila kitu cha kwenye orodha, khanga doti tano, beseni, pamba, glavu, nyembe. Saa 7:40 usiku mtoto akalia. Saa 7:43 nampigia mama yetu Morogoro namwambia umepata mjukuu. Saa 8 kasoro hivi nesi akatoka akaomba khanga nyingine, nikampa doti. Kidogo akatoka tena akaomba nyingine, hapo roho ikaanza kunidunda, nikamuuliza vipi, akasema damu inatoka kidogo, kawaida. Saa 8:34 nimelipia duka la dawa la nje ya geti, dripu na mpira wa mkojo na sindano, shilingi 14,500, meseji ninayo. Saa 8:50 ndo nasikia daktari wa zamu anapigiwa simu. Saa 9:15 wanasema ni rufaa. Gari la wagonjwa lipo, limepaki pale nje naliona kwa macho yangu, dereva ndo hayupo. Saa 9:58 nimemlipa jirani yangu mwenye IST elfu 40 baada ya kumtoa kitandani. Saa 10:40 tukaingia geti la hospitali ya rufaa. Saa 10:57 nawapigia bodaboda wa kijiweni kwangu, kwa sababu tumeambiwa ndugu tafuteni watu wa kuchangia damu. Chupa ya kwanza ya damu imeanza kuingia kwenye mshipa wa mdogo wangu saa 12:10 asubuhi, kunapambazuka.

Kuanzia 7:40 mpaka 12:10. Saa nne na nusu.

Baada ya hapo nikaanza kusoma na kuuliza kila mtu wa afya anayekuja kutoa pesa kibandani kwangu, na wengi wamenifundisha bila kujua kwamba nafundishwa. Kondo la nyuma likishatoka, pale lilipokuwa limejishika panabaki mishipa wazi, na pale hapashonwi uzi, kinachofunga ni misuli ya kizazi chenyewe kujibana kama ngumi. Kizazi kikilegea bomba liko wazi. Na mwisho wa mimba damu inayopita kwenye kizazi ni nusu lita kwa dakika na zaidi, kwa hiyo mtu mwenye damu lita tano au sita mwilini hana muda wa kusubiri vikao. Wataalamu wenyewe wanasema kwa wastani, asipotibiwa, ni kama saa mbili tu tangu damu ianze kumwagika mpaka mtu anaondoka. Mbili. Sisi tulitumia nne na nusu, kwa hiyo mnaponiambia mshukuru Mungu amepona mi namshukuru kweli, maana nyie sioni niwashukuru kwa lipi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Damu inakisiwa kwa macho

Yule nesi aliponiambia ni kidogo hakunidanganya, naamini aliona kidogo. Khanga inameza, godoro linameza, nyingine imeingia kwenye beseni ikachanganyika na maji ya chupa, sasa saa nane usiku chini ya taa moja utajuaje ni mililita 300 au 800? Kipimo kilichozoeleka ni kwamba mzazi akipoteza nusu lita ndani ya saa 24 baada ya kujifungua hiyo ni dharura, na Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani wakasogeza zaidi, hata ikiwa mililita 300 tu lakini mapigo ya moyo au presha imeanza kuyumba, usisubiri, anza kutibu. Sasa utaanzaje kutibu kwa mililita 300 wakati hamna kitu cha kupimia hizo 300?

Na kitu chenyewe kipo. Ni mfuko wa plastiki unatandikwa chini ya mzazi, una mistari kama jagi la kupimia unga, damu yote inashukia humo unasoma namba basi. Sio habari ya kusimuliwa kutoka Ulaya, umejaribiwa hapa hapa Tanzania pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwenye utafiti unaoitwa E-MOTIVE, hospitali 80, wazazi zaidi ya laki mbili, majibu yakatoka Mei 2023. Kule walikokisia kwa macho kama kawaida waligundua 51 tu kati ya kila wazazi 100 waliokuwa wanatoka damu kupita kiasi. Waliotumia mfuko waligundua 93. Yaani kwa macho karibu nusu wanapita hivi hivi, wanaambiwa kawaida. Na hospitali zilizopima kwa mfuko alafu zikatoa matibabu yote kwa mkupuo, kukanda kizazi, dawa ya kukikaza, dawa ya kusaidia damu igande, dripu, kumkagua kama amechanika au kuna kipande cha kondo kimebaki, na kuita msaada kama haikati, zilipunguza kwa asilimia 60 wazazi wanaofikia kutoka damu ya kutisha, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufariki. Shirika la Afya Duniani likaupitisha mfuko huo pamoja na matibabu hayo ya mkupuo mwishoni mwa 2023. Huku kwetu sijauona.

Alafu kuna kitu kiliniuma zaidi nilipokisoma. Miaka zaidi ya 20 iliyopita wakunga wa jadi kule Kigoma walifundishwa kupima damu kwa khanga, utafiti wao ulichapishwa 2005. Khanga mbili zikilowa, mzazi anapewa vidonge vya misoprostoli, vya kukaza kizazi, hapo hapo, hamna mjadala. Khanga mbili! Mi nilitoa doti mbili, vipande vinne, kabla mtu hajatamka neno dharura. Bibi wa kijijini Kigoma angemuwahi mdogo wangu kuliko jiji la Dar es Salaam.

2. Ndugu anatumwa dukani

Saa 8:34 usiku mi nipo dirishani kwa muuza dawa namgongea aamke. Hiyo sio kazi ya ndugu. Matibabu ya damu inayomwagika yanatakiwa yawe kwenye boksi moja, limefungwa, lipo ukutani leba, kila kitu ndani, na likifunguliwa asubuhi lijazwe. Mtasema huduma ya mama na mtoto kisera ni bure. Ndiyo ni bure, na risiti ya hiyo bure ninayo.

Kuna dawa inaitwa traneksamiki, wenyewe wanaifupisha TXA, inasaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Imegunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe miaka ya 60 huko, sio dawa ya jana. Mwaka 2017 majibu ya utafiti wa wazazi elfu 20 kutoka nchi 21 yakaonyesha inapunguza vifo vya kutoka damu, ila inataka kuwahi, ukishapita saa 3 haisaidii tena, na kila dakika 15 unazochelewa faida inapungua kwa kama asilimia 10. Saa 3 za mdogo wangu ziliisha saa 10:40, dakika ile ile tunaingia getini. Nimeisoma karatasi ya rufaa mbele na nyuma, hiyo dawa haijaandikwa popote.

Na sindano ya uchungu, ile oksitosini inayochomwa mtoto akishatoka ili kizazi kijibane, inatakiwa ikae kwenye friji nyuzi joto 2 mpaka 8. Jamani mnaijua Dar. Umeme ukikatika mchana mmoja wa Februari hata maziwa yangu ya chai yanakata. Nani anajua friji la kituo lilizima saa ngapi na dawa iliyobaki humo ina nguvu kiasi gani? Nauliza tu. Kama friji haliaminiki basi kuna kabetosini isiyotaka baridi, mwaka 2018 ilionyeshwa kwa wazazi karibu elfu 30 kwenye nchi 10 kwamba kwa kuzuia kutoka damu haizidiwi na oksitosini, na misoprostoli ndo kabisa, ni vidonge, vinakaa hata kabatini.

3. Nesi mmoja, wazazi wanne

Hili fupi. Usiku ule leba ilikuwa na nesi mkunga mmoja na mhudumu mmoja wa usafi, na wazazi wanne. Kukanda kizazi kunataka mikono miwili isiyotoka, kuweka dripu kunataka mikono miwili mingine, kupiga simu miwili mingine tena. Mwenye mikono sita mtuletee.

4. Gari lipo, dereva hayupo

Namba 115 ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga ipo, ni bure, nimekuja kuijua baada ya mwezi mzima nikiwa nasikiliza redio. Usiku ule hamna aliyeitaja na ukutani kulikuwa na mabango matano, moja la kunawa mikono, moja la uzazi wa mpango, moja la rushwa ni adui wa haki, hiyo 115 haikuwepo. Bandikeni. Sio kazi ya bajeti hiyo, ni karatasi na gundi.

Na njiani je? Mdogo wangu alisafiri kwenye IST amelazwa kiti cha nyuma kichwa mapajani kwangu, dripu nimeishika mi mwenyewe dirishani, barabara ya vumbi ina mashimo, kila shimo nasikia anapumua kwa kukata. Hakuna muuguzi aliyetusindikiza, angetusindikiza nani wakati ni mmoja. Kuna vazi linafungwa miguuni mpaka tumboni linabana, linasukuma damu iende kwenye moyo na ubongo wakati mnakimbiza mgonjwa. Kuna puto la kuweka ndani ya kizazi lijazwe maji likandamize, na kama puto la dukani ni ghali, Profesa Sayeba Akhter wa Bangladesh alishatengeneza la kwake kwa kondomu na mpira wa mkojo, akaandika 2003. Kondomu mnazigawa bure mpaka kwenye baa. Mpira wa mkojo niliununua mi.

Alafu tulipofika rufaa hamna aliyejua kama tunakuja. Tukaanza na faili, dirishani, jina la mgonjwa, umri, kata anayotoka. Mtu hajitambui anaulizwa kata. Simu moja tu saa 9:15 ingetosha, tiata ingekuwa inaandaliwa wakati sisi tupo barabarani.

5. Damu ya dhamana

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo penye uchungu wangu. Tulipoambiwa tafuteni watu, niliamini kwamba damu haipo. Nikawaamsha bodaboda saa 11 kasoro alfajiri, wakaja watatu, mmoja alikuwa hata hajalala, wakachangia, Mungu awazidishie. Wiki mbili baadaye mtu mmoja wa maabara, simtaji, akanieleza kitu nikakaa chini. Damu iliyotolewa alfajiri ile haiwezi kumuingia mgonjwa alfajiri ile ile, lazima ipimwe kwanza Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Kwa hiyo damu aliyowekewa mdogo wangu ilikuwepo. Ilikuwa kwenye friji muda wote. Bodaboda walikuwa wanairudishia.

Mi sipingi kurudishia, naelewa leo umechukua kesho mwingine atahitaji. Ninachopinga ni mpangilio. Muwekee kwanza, alafu nibane mi ndugu, nifungieni hata kitambulisho changu, nitaleta watu kumi. Lakini kuanzia saa 10:57 mpaka 12:10 chupa ipo mita chache kutoka alipolala mtu anayekata roho, inasubiri dhamana kama mtu kakamatwa na trafiki! Damu haiuzwi kwa sheria, sawa, ila na hii ya kuisubirisha tuite nini?

Najua mtajibu wananchi hawachangii, na ni kweli kwa kiasi fulani. Inajulikana tegemeo kubwa ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifunga akiba inashuka, na sisi yetu ilitokea Juni shule zimefungwa. Lakini mmeshakuja kutuomba? Kijiweni kwangu kuna bodaboda 40, wanaume wa miaka 20 na 30 wenye afya zao, kila baada ya miezi mitatu mwanaume anaruhusiwa kuchangia na mwanamke miezi minne, uwe na miaka 18 mpaka 65 na kilo 50 kwenda juu. Gari la damu sijawahi kuliona huku mwisho wa lami. Sisi wenyewe tulijikusanya watu 11 wa mtaani tukapanda daladala tukaenda kuchangia, wawili wakakataliwa damu ndogo, tisa wakatoa. Tulienda bila kuitwa. Kariakoo kuna watu wangapi? Stendi ya Magufuli? Misikiti na makanisa yote ya jiji hili?

6. Kadi ilishasema

Kadi ya kliniki ya mdogo wangu imeandikwa wingi wa damu 9.1, mimba ikiwa na miezi saba. Mjamzito akiwa chini ya 11 hiyo ni upungufu, na mwenye upungufu akimwaga damu kidogo tu anazimika haraka kuliko mwenzake, hili hata mi nimelielewa. Alipewa vidonge vya kuongeza damu mwezi mmoja, mwezi uliofuata akaambiwa vimeisha akanunue, na kwa kuwa vinamtibua tumbo akanunua mara moja akaacha, na udongo wa pemba alikuwa anakula kwa siri, hilo kosa ni letu nyumbani nakubali. Lakini hiyo 9.1 iliandikwa kwa ajili ya nani? Mtu mwenye namba ile alitakiwa ajifungulie penye tiata na damu tangu mwanzo, au angalau saa 11 jioni anapopokelewa mtu aisome kadi aseme huyu nimuangalie kwa jicho la pekee.

Na wanaotoka damu kabla ya kujifungua nao msiwasahau. Kondo likikaa mlangoni mwa kizazi au likibanduka kabla ya wakati damu inaweza kuja mimba ikiwa ya miezi saba, minane, na nina mteja wangu aliambiwa nenda kapumzike nyumbani. Damu mimba ikishakua hamna ya kupumzishia nyumbani, ni hospitali yenye kipimo cha altrasaundi na tiata.

7. Aliyepona hahesabiwi

Mzazi akifariki mna utaratibu wa kukaa kikao kupitia kifo, kilianzia wapi, kilichelewa wapi. Hilo nalipongeza kabisa. Na najua mtaniletea takwimu, kwamba vifo vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015/16 mpaka 104 kwenye ule wa 2022. Siipingi hiyo namba, kuna watu wamefanya kazi na wanastahili heshima.

Sasa niambieni mdogo wangu yupo upande gani wa namba hiyo. Kwenye karatasi ya kutoka hospitali ameandikwa hali nzuri. Kwa sababu alipona hamna kikao kilichokaa, hamna aliyeuliza dereva alikuwa wapi, hamna aliyeuliza chupa ilikaa friji saa nzima kwa nini, na mwezi uliofuata mzazi mwingine ameingia leba ile ile na nesi yule yule mmoja. Hamna mahali palipoandikwa saa 8:34 isipokuwa kwenye simu yangu. Ndugu wa mume wanamuuliza huyu mtoto atapata lini mwenzake, anacheka nao alafu anaingia chumbani. Hilo nalo liko kwenye takwimu gani?

Mtaniambia bajeti. Sawa, nesi wa pili na dereva wa usiku ni bajeti, naelewa, mi mwenyewe nahesabu floti kila asubuhi najua kukosa kulivyo. Lakini kubandika 115 sio bajeti. Kupiga simu moja mbele sio bajeti. Kuweka damu kwanza alafu kudai wachangiaji sio bajeti, ni amri ya karatasi moja yenye sahihi. Kuandika saa ya kila tukio sio bajeti. Naomba mnitenganishie yale yanayotaka hela na yale yanayotaka mtu mmoja tu aseme kuanzia leo.

Ninachoomba ni hiki, na naomba mjibu ndani ya siku 60 kwa maandishi, hadharani kama nilivyoandika mi:

Kwanza, mtuambie ni leba ngapi za serikali katika mkoa huu zina mfuko wa kupimia damu na boksi la dharura lililokamilika, leba kwa leba, sio wastani.

Pili, itoke amri kwamba mzazi anayetoka damu anawekewa damu iliyopo kabla ndugu hawajaulizwa wachangiaji, na kila hospitali yenye tiata iwe na chupa za grupu O za dharura ambazo haziguswi kwa jambo lingine.

Tatu, kila leba iwe na saa ukutani na fomu ya dakika. Damu imeanza saa ngapi, dawa saa ngapi, daktari kaitwa saa ngapi kafika saa ngapi, gari saa ngapi, damu saa ngapi. Na nakala tupewe sisi.

Nne, yule aliyeponea chupuchupu, aliyetolewa kizazi au kuongezwa damu nyingi, apitiwe kwenye kikao kama anavyopitiwa aliyefariki, na ndugu waitwe waseme walichokiona.

Tano, dereva wa usiku. Gari bila dereva ni pambo la uwanjani.

Na ile barua yangu ya pili yenye muhuri naomba nayo ijibiwe, hata kwa mistari miwili, nijue ilisomwa.

Meseji zote nimezipiga picha ya skrini, za malipo na za simu, karatasi ya rufaa ninayo, kadi ya kliniki ninayo, risiti ya dripu ninayo. Atakayetaka kuziona nitamuonyesha. Nafungua kibanda saa 2 asubuhi nafunga saa 3 usiku, Jumapili tu ndo sipo, naenda kwa mdogo wangu kumsaidia kufua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mzazi
Wakala wa pesa, Ilala, Dar es Salaam